Hela za Msingi wa Kanisa, na Jibu Nililompa Mwanafunzi Wangu

Admin, salamu. Jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, naishi Kihesa hapa Iringa na mke wangu. Nilisomea kuhifadhi vitu vya kale vya metali, na ndiyo kazi niliyoifanya makumbusho hadi kustaafu. Nimeona mnaandikiwa mambo ya ndoa. La kwangu ni la sarafu, lakini nawaomba mnivumilie, maana nimefanya jambo baya na bado linanipa raha.

Kijijini kwetu, mbele ya Mafinga, kanisa la zamani lilibomolewa ili lijengwe kubwa. Mafundi walikuta chungu chini ya jiwe la msingi. Ndani yake kulikuwa na hela, zile sarafu ndogo za shaba za wakati wa Mjerumani. Kila familia ilitoa moja, ikachora alama yake kwa msumari kabla ya kuitumbukiza. Ya babu yangu ina mistari mitatu. Ya baba wa mama mkwe wangu ina misalaba miwili midogo. Wazee wa kanisa wakanikabidhi chungu kizima nizitengeneze, zioneshwe sikukuu ya mavuno.

Niwaeleze kidogo. Shaba iliyokaa ardhini hunywa chumvi. Ukiikausha na kuiacha hivyo, chumvi ile ikikutana na unyevu huila kwa ndani, na juu hutoka unga wa kijani kibichi. Sisi tunauita ugonjwa wa shaba. Dawa yake ni subira: unaziloweka kwenye maji ya betri, yale safi yasiyo na tindikali, yenye magadi kidogo, unabadilisha maji kila wiki, miezi inapita. Uchafu unauondoa kwa ncha ya mwiba wa nungunungu, ukitazama kwa lenzi. Rangi ya kahawia iliyokomaa huigusi, kwa sababu ndiyo ngozi yake, na alama zimo humo.

Mwezi wa sita wa kazi yangu, akaja kijana nitakayemwita Lusajo. Huyu zamani nilimfundisha kazi, akala kwangu miaka miwili, na alipoondoka nikampa lenzi yangu. Siku hizi ana karakana Soweto, Mbeya, anang'arisha vikombe vya mashindano. Akasimama mbele ya baraza la wazee akasema, "Wazee wangu, Mwalimu anaziogesha hela kama vichanga. Miezi sita! Mnangoja ziote meno? Nipeni mimi siku mbili tu."

Wakacheka. Mzee mmoja niliyesoma naye darasa moja akacheka mpaka akajifuta machozi. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, tunakushukuru. Labda na mikono imechoka sasa." Kesho yake walikuja kuchukua chungu. Walikuwa na haraka, hawakuuliza chochote. Hela moja ilibaki kwenye bakuli langu la dawa. Ya mistari mitatu. Sikuwaambia.

Wiki iliyofuata Lusajo alituma video kwenye kundi la usharika. Anakamua limau, anamwaga chumvi, anasugua, kama mama zetu walivyosugua vyombo vya shaba. Chumvi, ndugu zangu! Ile niliyohangaika miezi sita kuitoa, yeye aliirudisha kwa kiganja. Hela ziling'aa kama vifungo vipya. Watu wakaandika, "Hongera sana fundi! Huyu ndiye mtaalamu." Nami nikaandika hongera.

Zikapelekwa kwenye jengo tunalosalia sasa, ndani ya kabati la kioo lililofunikwa kitambaa, na ule ukungu wa kwetu mnaujua. Siku kumi zilizopita Lusajo akanipigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani kukusumbua. Kuna vidoa vya kijani, kama unga hivi. Hela tano au sita. Ni kawaida?"

Admin, nilikuwa nasikia kile kicheko cha baraza.

"Ni kawaida," nikamwambia. "Shaba ikisuguliwa hupumua. Funga kabati vizuri, usilifungue mpaka siku yenyewe."

"Ahsante, Mwalimu. Watu walisema umeninunia. Nilijua huna kinyongo."

Tangu siku hiyo nalala vizuri. Namwona akivuta kile kitambaa mbele ya usharika mzima, namwona mwenyekiti akitafuta pa kutazama. Yule aliyejifuta machozi nimemwekea leso kabisa.

Tatizo ni mke wangu. Jana alikuwa anapiga pasi kitenge cha mama yake. Mama mkwe ana miaka tisini, haoni vizuri, na tangu chungu kipatikane anasema anataka kugusa kwa kidole mahali baba yake alipokwaruza.

"Baba Neema," mke wangu akaniuliza, "ile hela ya babu, baba yake mama, uliiona kabla hawajachukua?"

"Niliiona."

"Misalaba ilikuwepo?"

"Yote miwili, safi kabisa."

Akafurahi, akaenda kumpigia mama yake simu.

Sikukuu ni Jumapili ijayo. Nikisema leo, nyingi zitaokoka, nina dawa na najua njia. Lakini itabidi nikiri kwamba nilidanganya. Lusajo ataambiwa ni ujana tu, mimi nitakuwa mzee mwenye wivu, na watauliza ilipo hela ya babu yangu. Nikinyamaza, nitapata kile ninachokitaka kuliko chakula. Halafu mama mkwe atanyoosha kidole, na alama ya baba yake itamtoka kidoleni kama unga.

Msiniambie nisamehe, hilo najihubiria kila asubuhi na halijaingia. Nishaurini hili moja tu: nimpigie, au ningoje Jumapili? Simu iko mezani, kando ya hela ya mistari mitatu. Imekauka vizuri, haina hata doa.