Mlezi wa Ulemo Aliyeona Haya

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, akina mama wa Ulemo wanapita kwenye kituo cha watoto wakiwa na majembe begani. Mmoja mmoja wanashusha watoto mgongoni, wanamkabidhi Elina Gaspari, kisha wanashika njia ya shamba la kijiji. Elina anawapokea kwa mikono miwili na kuwasalimia wote. Esta anapomkabidhi binti yake Magdalena, Elina hanyanyui macho.

Elina ana miaka ishirini na moja. Amekuwa mlezi hapa tangu kijiji hiki cha ujamaa kilipoanzishwa wilayani Iramba, mwaka juzi, 1974. Anawapikia watoto uji wa mtama, anawaogesha na kuwalaza, mama zao wakiwa shambani.

"Mtoto akilia, najua analilia nini," anasema. "Wa kwangu ndiye niliyeshindwa kumjua."

Wa kwake ni Laurian, aliyezaliwa Januari mvua zikiwa zimepamba moto. Mumewe, Gaspari, alikuwa Manyoni, anakofanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Mama mzazi wa Elina alishafariki, na mama mkwe yuko mbali. Mtoto alikuwa akinyonya kidogo, anaachia, analia. Chuchu zilipasuka, zikatoa damu. Titi la kushoto likavimba, likawa gumu na la moto, naye akashikwa na homa.

Hakumwambia mtu. Alishawasikia watu wakisema kwamba mama akikosa maziwa, kuna jambo amelifanya, hasa kama mume yuko safarini.

"Zahanati ningekaa foleni na wanawake wanaonijua," anasema. "Wangeniuliza, wewe unayelea watoto wetu, wa kwako amekuwaje?"

Mtoto akakonda. Elina akawa anamfunika kanga hata wakati wa joto, watu wasione miguu yake. Asubuhi moja alifungua kopo la maziwa ya unga lililoletwa kwa ajili ya uji wa kituo, akachota, akakoroga kwa maji ya vuguvugu, akamnywesha Laurian kwa kijiko. Kesho yake akachota tena. Uji wa watoto wengine ukazidi kuwa mwepesi.

"Nilikuwa nawagawia huku natazama vikombe tu," anasema. "Nyuso zao sikuziangalia."

Mvua ndiyo iliyomuumbua. Akina mama walirudi mapema kutoka shambani, na wa kwanza kuingia stoo alikuwa Felista, mama wa makamo mwenye watoto sita. Alimkuta Elina amekaa chini, kopo liko wazi, kijiko kiko mdomoni mwa mtoto.

Felista aliurudishia mlango. "Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, mama."

"Nionyeshe kifua."

Elina alifungua kanga huku analia. Felista alilitazama lile titi, akaguna. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akalikanda taratibu mpaka maziwa yakaanza kudondoka. Kisha akamgeuza mtoto, tumbo lake likaelekea la mama yake, akangoja apanue kinywa.

"Ulikuwa unampa ncha tu," alisema. "Mwache ashike na hapa peusi. Wa kwanza wangu alinichana hivihivi. Nililia mpaka shangazi yangu akaja."

"Hukuwahi kusema, mama."

"Nani aliniuliza?"

Siku iliyofuata walikwenda zahanati pamoja. Elina alipata dawa, akaambiwa asiache kunyonyesha. Njiani, Felista alimweleza msimamo wake: "Ya kifuani kwako nitayasitiri. Ya kopo utayasema mwenyewe. Nitasimama na wewe."

Elina aliyasema yote mbele ya akina mama, ya kopo na hata ya kifuani, kanga ikiwa imemfunika nusu ya uso. Esta aliuliza swali moja tu.

"Magdalena alipokuwa anaumwa wiki hiyo, uji wake ulikuwa na maziwa?"

"Haukuwa nayo."

Esta alimbeba binti yake, akaondoka. Waliobaki walizungumza mpaka jua likainama, wakaamua Elina aendelee na kazi, lakini kila Jumamosi alime peke yake shamba la karanga la kituo. Wakaamua pia kwamba Felista asiende shambani asubuhi mpaka Laurian azoee kunyonya.

Sasa ni mwezi Mei, na Laurian amejaa mashavu. Esta alimrudisha Magdalena, ingawa salamu zake bado ni za mkato. "Ana haki," anasema Elina.

Gaspari anatarajiwa baada ya mavuno. Salamu zote alizopelekewa zilisema mtoto ananyonya vizuri tangu azaliwe. Elina hataki akayasikie njiani. Anapanga kumweleza siku hiyohiyo ya kwanza, akishaoga na kula.

"Atauliza kwa nini nilificha," anasema, huku akimhamishia Laurian titi la kushoto. "Nitamwambia niliona haya. Sina jibu jingine."