Mzee Aliyesema Mbili

Miaka ile nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika kliniki moja ya Burnsville, Marekani. Nilipima presha na sukari, kisha nikamuuliza kila mgonjwa: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako yamefika ngapi? Sifuri ni kutosikia chochote; kumi ni kushindwa kuvumilia. Namba hiyo ndiyo daktari aliyoisoma kwanza. Ikiwa ndogo, hata soksi haikuvuliwa kuangalia kama mguu una kidonda.

Siku moja alikuja mzee kutoka Meksiko, mwenye kisukari cha miaka mingi. Shati limepigwa pasi, mkono mmoja ukutani, akichechemea. Nilitaka kumpigia mkalimani simu.

“Achana na mkalimani,” muuguzi aliniambia. “Hawa huelewa wakitaka. Tumechelewa.”

Kwa hiyo nikauliza kwa vidole. Mzee akainua viwili.

“Mbili, mzee? Na kutembea huku?”

Akacheka. Kiingereza alikuwa nacho kidogo, cha jikoni alikoosha vyombo. “Kumi ni ya mama anayezaa, binti yangu. Mimi nimezaa lini?”

Nilicheka pia, nikaandika mbili. Lakini nilijua. Kwetu Kenya, ukimuuliza mzee habari za afya atakujibu nzuri, hata kama ana homa. Ni heshima, hataki kukutwika mzigo wake mlangoni. Unakaa, unauliza tena, ndipo ugonjwa unatoka polepole. Wewe unayefanya kazi hii leo, tafadhali kaa. Haichukui muda kama tunavyodhani. Mimi sikukaa.

Daktari alimwambia apunguze wanga, akatoka. Mgonjwa wa chumba cha pili, Mzungu mwenye kisukari vilevile, alisema nane kwa sauti. Mguu wake ulikaguliwa vidole vyote.

Baada ya majuma kadhaa mzee alirudi kwenye kiti cha magurudumu, amekatwa mguu chini ya goti. Binti yake ndiye aliyemsukuma. Mzee akaniona, akatabasamu, akasema maneno kwa Kihispania.

“Anasema alikuwa anasubiri umuulize tena,” binti alitafsiri.

Nikamwambia yule binti ukweli: niliandika mbili nikijua si mbili.

Mzee akamvuta binti yake mkono, akitaka kujua nimesema nini.

“Anakusalimu, baba,” binti alimwambia kwa lugha yao. Neno la salamu la Kihispania nililijua, na salamu sikuwa nimetoa.

Kisha akamsukuma hadi kwenye mizani, na mimi nikawafuata.