Ganzi Ilianzia Miguuni, Mimi Nikaonyesha Mkono

Nimekosa, na leo sina wa kumsingizia. Wakati ule nilimsingizia mtu. Nilimsingizia mama mkwe wangu, mjane, mama aliyekuwa akitulisha. Nikiandika hivyo tu uso unaniwaka.

Nimezaliwa Likasi, huku Kongo, na bado ninaishi Likasi, kwa hiyo mtanisamehe, jina langu sitalitaja. Watu wa parokia yetu wangenijua upesi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiwanda chetu cha shaba kilipokuwa kinakufa. Tulikwenda kazini kila asubuhi na kofia zetu kichwani, tukakaa kando ya mashine zilizonyamaza. Mshahara ulikuwa umebaki kuwa hadithi. Mimi nilikuwa fundi wa umeme, lakini fundi gani anayeshinda amekaa! Wenzangu wakanionyesha njia ya kwenda kwa mama mmoja nyuma ya reli, aliyekuwa akiuza lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa uani. Alitumiminia katika vikombe vya chai ili mpita njia asishtuke. Nasi tukawa tunaagana tukisema tunakwenda kunywa chai.

Basi, chai hiyo nikainywa asubuhi, nikainywa na mchana. Jioni narudi nyumbani nimetafuna majani ya mlimau, natembea wima, naongoza sala. Maana nilikuwa mwenyekiti wa shirika letu la mtaa kanisani, na niliwahi kusimama mbele ya watu nikawakemea walevi. Mimi!

Lutuku inaua njaa. Sahani ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ikiletwa, nilikuwa namega kidogo halafu naisukuma kwa watoto. Mke wangu akawa anawaambia majirani kwamba mume wake anajinyima ili watoto washibe. Siku moja nilimsikia kupitia dirishani akinisifu hivyo, nikanyamaza. Sifa hiyo inanichoma mpaka leo.

Shida ilianzia miguuni. Nyayo zilikuwa zinachomachoma kama nimekanyaga siafu, kisha zikafa ganzi. Nikivua kiatu nilikuwa nakuta kijiwe ndani, na sikuwa nimekisikia. Sikumwambia mtu. Moyoni nilijua, kwa sababu mwenzetu mmoja wa kule nyuma ya reli alikuwa ameanza kutembea akitupa miguu, na kila mtu alisema ni lutuku.

Nyayo zangu zilikuwa katika hali hiyo mama mkwe alipokuja. Alikuwa na shamba upande wa Kapolowe. Aliposikia watoto wetu wanalala na njaa, akawaachia kaka zake shamba, akaja kukaa nasi, na malori yaliyotoka kwao yakawa yanamletea unga, viazi vitamu na samaki wakavu. Tukala. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto wetu wa mwisho, nitamwita Mado, ambaye hata kusema vizuri alikuwa bado.

Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono wala hawali pamoja, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Wanauita huo ukwe buko, na mkwe mwenyewe pia buko. Nyumba yetu ni ndogo, lakini mama yule aliishika desturi yake. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni, kitambaa usoni.

Isipokuwa siku ile aliyofika. Nilikwenda kumpokea barabarani nikitoka moja kwa moja nyuma ya reli. Alipokuwa akishuka kutoka juu ya lori mguu ulimteleza, nikamdaka mikono, mbele ya watu. Nisingefanya hivyo angevunjika. Wanawake waliokuwapo wakashika midomo. Desturi inataka kuku atolewe ili kosa kama hilo liishe, lakini miaka ile nani alikuwa na kuku wa desturi! Tukacheka kidogo, tukaliacha.

Haikuchukua muda, ganzi ikapanda kwenye vidole vya mikono, yote miwili. Bisibisi ikawa inaniponyoka. Jumapili moja niliangusha kitabu cha nyimbo kanisani, na hapo ndipo mke wangu alipojua. Akanipeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole. Dawa hakuwa nazo, maswali alikuwa nayo. Alitueleza kwamba ganzi ya mikono inaweza kutoka mahali pengi. Ugonjwa wa sukari unaileta. Mshipa wa fahamu unaweza kubanwa kwenye kifundo cha mkono, hasa kwa mtu wa kazi kama yangu, au ukabanwa shingoni. Akataja kula vibaya kwa muda mrefu, akataja muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, akataja hata ukoma, mke wangu akashtuka, naye akamtuliza. Akasema ndiyo maana lazima aulize mengi. Akauliza kuhusu miguu, nikasema miguu ni mizima. Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu, mkoba wake magotini.

"Baba, unakunywaka pombe?"

"Hapana, dokta. Minye niko muntu wa kanisa."

Mke wangu akatikisa kichwa kuthibitisha. Ee Mungu wangu! Daktari, kwa maneno hayo niliyompa, akaona ni mshipa wa kifundo. Akanifunga bandeji mkono wa kulia, ule wa kazi, akasema niupumzishe na nirudi nisipopata nafuu.

Nafuu haikuja, na sikurudi. Ndipo dada yangu mkubwa akaitisha kikao kwetu, Jumapili mchana, akamwita na mjomba wa mke wangu. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya mlango, anasikia kila kitu. Dada yangu akikamata jambo haliachi. Alisema hospitali imeshindwa, na kwamba barabara nzima ilimwona mdogo wake akimshika buko wake mikono bila kutoa kitu. Akasema yule mama akiendelea kukaa humu ndani, mdogo wake atakuwa kilema. Mjomba hakupendezwa, alisema ugonjwa ni ugonjwa. Kisha akanigeukia.

"Ilianziaka wapi? Sema weye mwenyewe."

Hapo! Kama kuna dakika moja ambayo ningeomba nirudishiwe, ni hiyo. Nilijua ilianzia miguuni. Nilijua ilianza kabla lori halijafika. Lakini nikitaja miguu, mtu atakumbuka yule mwenzetu anayetupa miguu, na lutuku itatajwa, na mke wangu yuko pale ananitazama kwa huruma. Nikainua mkono wa kulia.

"Ni huu mukono. Njo nilimushika nayo."

Mimi niliyefundisha katekisimo! Mimi niliyewaambia watu waache kuogopa miiko! Jikoni nilisikia sufuria ikiwekwa chini polepole.

Asubuhi yake mama mkwe alikuwa amefunga mzigo. Hakumlaumu mtu. Mke wangu alimsindikiza barabarani akilia, na Mado akazunguka nyumba nzima akimtafuta bibi yake, akifungua hata kabati. Dada yangu akasema sasa nitapona. Mchana nikaenda nyuma ya reli kama kawaida.

Bila mama mkwe, unga ulikatika. Mke wangu ikabidi aanze kuuza mikate sokoni, na kwa kuwa kazini hakukuwa na kazi, mimi nikawa nabaki na Mado. Siku moja mtoto alichafuka matope mwili mzima. Nilikuwa nimekwisha kupitia kule kwenye vikombe. Nikaipua maji kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, nikayamimina kwenye beseni, nikaongeza ya baridi. Nikatia mkono kuyapima, kama nilivyomwona bibi yake akifanya.

Niliyasikia vuguvugu. Naapa, niliyasikia vuguvugu! Nikachota kikombe kizima nikammiminia mtoto begani.

Kilio kile siwezi kukiandika. Nilimfunga shuka, nikamkumbatia, nikakimbia naye mpaka hospitali. Viatu vilinitoka njiani, sikujua.

Daktari alikuwa yule yule. Alipomaliza kumshughulikia mtoto, aliutazama mkono wangu niliopimia maji. Ulikuwa umetoka malengelenge, na mimi sisikii chochote. Akatazama nyayo zangu, zilizokatwakatwa na mawe, zinavuja damu. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa kwa pini na kuniuliza anagusa wapi. Sikujua hata kama amegusa. Nilipofumbua macho, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, nguo yake ina unga, amekuja mbio kutoka sokoni.

Daktari hakuuliza tena. Nilisema mwenyewe. Nilisema lutuku, nilisema tangu lini, nilisema kwamba miguu ndiyo iliyotangulia. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na mama yangu?"

Mado alipotoka hospitali, mke wangu akachukua watoto wote akaenda nao Kapolowe.

Daktari alinieleza kwamba pombe ilikuwa inanila mishipa ya fahamu, na kutokula kukaisaidia. Kumbe kule kujinyima nilikosifiwa ndiko kulikokuwa kunanimaliza! Akanisimamia nikaacha, nikitetemeka na kutapika, akaniamuru nile maharage, karanga, samaki, chochote kitakachopatikana, na vidonge vya vitamini vilipokuja akanipa. Nilijiuzulu uenyekiti wa shirika mbele ya watu wote. Hata huko sikusema sababu yote.

Nilipoweza kusimama vizuri, nikatafuta kuku, nikapanda lori kwenda Kapolowe. Mama mkwe alikaa ndani, karibu na mlango, amenipa mgongo. Mimi nilikaa uani, mke wangu akasimama katikati yetu ili apitishe maneno. Nilisema yote kwa sauti, kaka zake wakisikia. Nilisema kwamba mkono niliuonyesha kwa uongo. Yule kuku wakati wote alikuwa ananipigia mabawa mapajani.

Mama mkwe akamwambia binti yake, na mimi nikasikia.

"Umuambie bwana yako. Ile siku ya lori, nilisikia harufu ya lutuku mu kinywa yake. Nilijua. Nilinyamaza juu ya ndoa yako."

Mke wangu hakunipitishia maneno hayo, hakukuwa na haja. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama yule alikuwa nyuma ya mlango siku ile nilipoinua mkono, akijua ukweli wote, na alifunga mzigo wake ili nyumba ya binti yake isimame. Angetamka neno moja tu ningekwisha!

Akasema na jingine. "Mutoto asiambiwe. Batoto beko na lazima ya baba." Yaani watoto wanamhitaji baba.

Kuku alipokelewa. Mke wangu alirudi baada ya mavuno. Mama mkwe hakurudi kukaa kwetu tena mpaka alipofariki, ingawa unga aliendelea kututumia.

Wewe unayesoma, ukisikia vidole vinachomachoma, ukisikia vinakufa ganzi, usikae nalo jambo hilo, na usimtafute mtu wa kumbebesha. Nenda kwa daktari. Mwambie lilianzia wapi, mwambie unachokula na unachokunywa, hata kile unachokiita chai. Kama unamwonea mke wako aibu, mwombe atoke nje kidogo, halafu sema. Daktari niliyemdanganya aliutibu uongo wangu. Na mkono wenye ganzi, jamani, usipimie maji ya mtoto!

Miguu yangu imerudi kiasi. Vidole havikurudi vyote, na vifungo vya shati vinanishinda. Mado sasa ni mama mwenye watoto wake, na hata wakati wa joto anavaa nguo za mikono mirefu. Kila Jumapili kabla ya misa anakuja kunifunga vifungo. Anaamini kazi ya umeme ndiyo iliyoniharibu vidole. Watoto wake amewasimulia jinsi babu yao alivyokimbia naye hospitali bila viatu, nao wananitazama kama shujaa.

Nimewaambia ninyi msionijua, na yeye bado. Jumapili iliyopita alinifunga kimoja kimoja mpaka shingoni, akaniuliza kama kola inabana. Nikamwambia haibani.