Makaa Yangu na Maji ya Madamu

Yule Madamu wa kemia nilimchukia kabla sijamwona hata kisigino. Binti yangu alikuwa sekondari, mwaka wa tatu, na mimi nauza makaa hapa Kampala, chini ya kilima cha Mbuya, tangu tulipotoka Bukavu, yeye akiwa bado mgongoni. Jioni tulikuwa tunakaa wawili juu ya magunia, ananisimulia ya shule, namsimulia ya wateja. Mara akaja Madamu. Madamu kasema hivi, Madamu kavaa vile. Nyumba nzima Madamu!

"Mama, unajua makaa na almasi ni kitu kimoja?" akaniuliza siku moja, macho yanang'aa.

"Kama ni kitu kimoja, mbona tunakula dagaa kila siku?"

Akacheka, akaendelea. Vyote ni kaboni, hata ule weusi wa penseli. Tofauti ni jinsi chembe zinavyoshikana. Kwenye almasi kila moja imeshika wenzake wanne, haichezi. Kwenye penseli zimelala tabaka tabaka, zinateleza, ndiyo maana zinabaki kwenye karatasi. Tena kaboni ana ndugu zake, silikoni, bati na risasi. Jamani, mtoto aliujua ukoo wa kaboni kuliko ukoo wa baba yake! Makaa nimeyashika mimi mpaka kucha zimekataa kutakata, halafu mtu wa koti jeupe ndiye anamweleza mwanangu makaa ni nini.

Ikatangazwa siku ya wazazi. Kila mwanafunzi alete makaa ya nyumbani, wasafishe maji ya rangi mbele yetu, maana makaa yana vitundu vinavyonasa rangi. Binti akaomba vipande viwili vya kawaida. Vya kawaida? Mimi? Nikamfungia yale ya mviringo ninayofinyanga mwenyewe kwa vumbi la makaa, udongo wa mfinyanzi na uji wa muhogo. Yanawaka mpaka maharage yanaiva. Wake za wanajeshi wa kambi ya pale juu kilimani wanayagombania.

"Mama, Madamu alisema ya kawaida."

"Ebu nyamaza! Madamu wako atanifundisha makaa?"

Nikavaa kitenge changu kipya, nikakaa nyuma na wazazi wengine. Watoto wakasaga makaa, wakachanganya na maji mekundu, wakachuja kwa pamba. Ya wenzake yakatoka karibu meupe. Ya binti yangu yakatoka matope, kama mfereji wa mvua. Ule udongo wangu! Darasa likaangua kicheko.

Madamu, kumbe msichana mdogo tu mwenye sauti ya upole, akauliza, "Makaa haya umetoa wapi?"

Nikajiweka sawa kwenye benchi. Nilikuwa tayari kusimama.

"Nimenunua njiani, Madamu," binti yangu akasema.

"Basi huyo muuzaji amekudanganya. Ameweka udongo."

"Ndiyo, Madamu."

Hakugeuka nyuma hata mara moja. Mama aliyekaa karibu nami akanong'ona kwamba wauzaji wa makaa wa Kampala ni wezi wote. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipotoka getini akanishika mkono.

"Mama, usikasirike. Sikutaka wakucheke."

"Wangenicheka," nikamwambia, "lakini wangejua una mama."