Askari wa Koku

Kama mwili una askari wake, kwa nini miguu ya dada Koku ilikuwa inavimba?

Juzi, nikipita mtaa wetu wa zamani wa Pasiansi, nilimwona msichana akichora seli kwa mkaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba yao. Koku alijisomea hivyohivyo nilipokuwa mdogo. Jiwe letu lilinuka dagaa walioanikwa juu yake, na ziwa lilisikika likipiga huko chini. Alichora duara, akaweka kiini katikati, kisha pembeni chembe nyeupe za damu.

"Hawa ndio askari," aliniambia. "Kijidudu cha ugonjwa kikiingia, wanakila."

"Mbona cha kwako hawakili?"

"Labda wameenda kunywa chai."

Alicheka, kisha akakaa kupumzika. Ndala hazikumtosha tena, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa karibu. Shangazi alisema amelogwa. Mimi sikuamini; niliona tu kwamba askari wake ni wachache.

Alipoingia ndani kulala, nilichukua mkaa nikamwongezea wengine, mpaka jiwe zima likajaa na vidole vyangu vikawa vyeusi. Alipotoka akawatazama kwa muda mrefu.

"Sasa nitapona, mdogo wangu."

Hakuufikia mtihani, na mvua zilifuta jiwe.

Nilikuwa chuo kikuu mama alipokubali kunitajia jina la ugonjwa ule, nikaenda kuusoma. Ndani yake hakuna kijidudu. Chembe nyeupe zenyewe hugeuka na kuzishambulia figo. Askari wa Koku hawakuwa wachache. Walikuwa wakimla yeye.