Masahihisho ya Toleo la Saba

Chanfi alikuwa na wembe ambao hakuwahi kuunyolea ndevu. Aliuhifadhi ndani ya kasha la miwani, katika droo ya meza yake ya kazi mjini Moroni, na ulikuwa na kazi moja tu: kukata majina ya watu.

Jarida alilolitumikia lilikuwa dogo. Lilitoka mara mbili kwa mwaka, kurasa sitini zilizopigwa chapa kwenye stensili, zikazungushwa kwa mashine ya mkono na kubanwa kwa pini. Humo mlikuwa na utafiti wa visiwani: mvua, samaki, makaburi ya kale, maradhi ya watoto. Mhariri mkuu alikuwa Fundi Mouzaoir, mwalimu wa historia. Fundi ndivyo wanavyoitwa walimu kule. Kazi nyingine zote zilikuwa za Chanfi. Yeye ndiye katibu, mpiga chapa na msahihishaji, na yeye ndiye aliyeshika wembe.

Kila makala ilipofika, kabla ya kupelekwa kwa wasomaji wawili waliopewa kazi ya kuipima, Chanfi alilaza ukurasa wa kwanza juu ya kipande cha ubao na kukata ule ukanda wa juu wenye majina ya waandishi. Ukanda aliutia katika bahasha ya kaki na kuiandika namba. Msomaji asijue kama mbele yake kuna kazi ya mkubwa au ya mtu asiye na mtu. Makala ipimwe yenyewe, kama samaki anavyopimwa sokoni Volo Volo bila kuulizwa amevuliwa na nani.

Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyoweza kueleza. Alikuwa na miaka arobaini na minane na ndevu zenye mvi, lakini hakuwa amefanya ndoa kubwa, ile harusi ya siku nyingi ambayo bila ya kuifanya, mwanamume wa kisiwa cha Ngazidja hahesabiwi mtu mzima. Alikuwa na mke na watoto wanne, na bado uwanjani kwa wazee alikaa nyuma kabisa, kwenye jiwe lenye ncha. Kwenye karamu sahani yake ilifika mwisho. Mezani pake, na ukanda umeshakatwa, ndipo palikuwa mahali pekee mjini ambapo kwa wiki chache hakuna aliyekaa mbele wala nyuma.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Tangu 1978 wanajeshi wale weupe walikuwa ndio wenye bunduki za ikulu, na watu walijifunza kuzungumza huku wakiangalia dirisha. Kila karatasi iliyochapwa ilipita kwanza katika ofisi moja kupigwa mhuri. Jarida la mvua na makaburi halikumtia hofu mtu yeyote, lakini mhuri lilihitaji.

Barua ya Hassanati ilifika mwezi mmoja baada ya toleo la saba kutoka.

Alikuwa muuguzi hospitalini Hombo, mjini Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Chanfi hakuwahi kumwona. Alijua tu kwamba alizaliwa Majunga, Madagaska, na aliletwa mwaka 1977 na ndege za Sabena pamoja na Wakomoro wengine walionusurika mauaji ya huko. Wenyeji waliwaita Wasabena kwa jina la ndege hizo, na hawakuwaita hivyo kwa heshima. Makala yake ilieleza jinsi uzito wa watoto unavyoshuka katika wiki za kuachishwa ziwa. Kwa miaka miwili alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba na mizani ya ndoana, akiining'iniza kwenye boriti na kumlaza mtoto ndani ya leso.

Barua ilikuwa fupi:

“Bwana Katibu, nimepokea toleo la saba na nashukuru. Tulipoileta makala, jina langu lilikuwa la kwanza na la Bwana Djaffar la pili. Katika jarida ni kinyume. Kama wale waliopitia makala waliona mchango wangu haukutosha, naomba nielezwe upungufu wangu ili nijifunze. Nauliza kwa kuwa shule ya afya ya Dakar inataka kila mwombaji atoe utafiti uliochapishwa ambao yeye ndiye mwandishi wake mkuu, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao.”

Chanfi aliisoma mara mbili. Akafungua kabati, akaitoa bahasha ya kaki, akautoa ukanda. Hassanati, kisha Djaffar. Mwandiko ulikuwa wa kike, ulioinama kidogo.

Hakuhitaji kumtafuta mkosaji. Ilikuwa mikono yake mwenyewe. Djaffar, mkaguzi wa afya, alikuwa mtu wa Moroni aliyehamishiwa Mutsamudu. Miaka mitatu nyuma alifanya ndoa kubwa, na Chanfi mwenyewe alibeba sinia katika karamu ile. Siku ya kuyarudisha majina kwenye stensili, vidole vyake viliwakalisha waandishi wale wawili kama wanavyokalishwa watu uwanjani: aliyefanya ndoa kubwa mbele, mwanamke Msabena nyuma. Hakuna aliyemwagiza. Hata hakufikiri. Na kwa kuwa posta ya kati ya visiwa ilikuwa ya kusuasua, hakuwapelekea waandishi nakala waikague kabla ya kuchapa, ingawa ilikuwa wajibu wake.

Nyumbani, mtaa wa Magoudjou, mkewe Ramlati aliona kwamba mumewe hali chakula.

“Umegombana na mashine tena?”

Akamweleza. Ramlati alisikiliza huku akichambua mchele, na alipomaliza kusikiliza akacheka kidogo, bila furaha.

“Chanfi wangu. Miaka yote unanung'unikia lile jiwe la nyuma. Na siku uliyopewa viti uvigawe wewe, umemkalisha mwenzio papo hapo.”

Maneno hayo alilala nayo na kuamka nayo.

Fundi Mouzaoir aliupokea ukanda, akautazama, akauweka chini taratibu kana kwamba ungevunjika.

“Mwandikie barua nzuri,” alisema. “Nitaitia saini. Kwamba yeye ndiye mwandishi mkuu.”

“Fundi, barua hukaa ndani ya bahasha. Kosa liko kwenye nakala mia na hamsini.”

“Na jarida likijisahihisha, watu watasema nini? Tumehangaika miaka minne walau tusomwe huko nje.”

“Watasema tumekosea. Na tumekosea.”

“Utaandika kosa ni la nani?”

“Langu. Wewe hukuiona stensili.”

Mouzaoir alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. Alikuwa mtu mwema, mwoga kidogo kama walivyokuwa wengi wakati huo. “Kuna mhuri,” alisema kwa sauti ya chini. “Unataka kurudi kule kwa hiari yako?”

Chanfi alirudi. Afisa wa mhuri, mtu wa Ngazidja kama yeye, aliisoma rasimu ya masahihisho, mistari mitano tu, kwa muda ambao ungetosha kusoma kitabu. Nje ya dirisha mzungu mmoja mwenye sare nyeusi aliegemea gari akimenya chungwa.

“Tumeshaliidhinisha toleo hili,” afisa alisema. “Sasa unabadilisha majina. Nani anafichwa hapa?”

“Hakuna, bwana. Kuna aliyefichwa, ndiye tunayemtoa.”

“Huyu Djaffar ninamjua. Nilikula harusi yake. Unamshusha chini ya Msabena, na yeye mwenyewe amesema nini?”

Chanfi alikuwa bado hajamuuliza. Afisa akamsukumia karatasi. “Niletee saini yake.”

Zilibaki siku kumi na tisa maombi ya Dakar yafungwe.

Alipanda meli ndogo ya mizigo, akashuka Mutsamudu asubuhi akiwa amekunjamana kama shati lake. Alikuwa amepanga kwenda kwa Djaffar kwanza. Saini ndiyo iliyotakiwa. Lakini teksi aliyopanda pamoja na abiria wengine ilikuwa inaelekea Hombo, na alipoteremka aliona haifai kuomba saini kabla ya kuomba radhi.

Hassanati alikuwa chini ya kibanda cha kliniki, mama kumi wamekaa kwenye mkeka mbele yake. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, kalamu imechomekwa kwenye nywele chini ya shiromani aliyojitanda. Mtoto aliyekuwa akining'inia ndani ya leso alimtazama Chanfi kwa hasira.

“Baba, kama huna mtoto wa kupima, kaa kivulini,” Hassanati alisema bila kugeuka. “Wewe mwenyewe huenei kwenye leso.”

Akina mama wakacheka. Chanfi akataja jina lake, na jarida. Kicheko kikakatika. Hassanati alimshusha mtoto, akaandika namba, akamrudisha kwa mamake. Ndipo alipomgeukia.

Chanfi alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yakamtoka kichwani. Alieleza kuhusu wembe na bahasha, kuhusu karamu na sinia, kuhusu vidole vyake. Alieleza pia kuhusu nakala ya kukagua ambayo hakuituma. “Hakuna aliyenituma,” alimaliza. “Nilikukalisha nyuma kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuona. Nimekuja kukutaka radhi.”



“Kwa hiyo haikuwa kwamba kazi ni mbaya?” Hassanati aliuliza.

“Wasomaji wote wawili waliisifu. Mmoja aliandika kwamba hajaona uvumilivu wa namna hii.”

“Aliandika hivyo?”

“Ninayo hapa.” Alikuwa ameinakili sifa hiyo karatasini neno kwa neno, pasipo jina la msomaji.

Hassanati aliisoma ile karatasi amesimama. Kisha akageuka upande wa mizani na kuanza kuirekebisha ndoana ambayo haikuwa na kasoro yoyote, akairekebisha kwa muda mrefu, na wale akina mama, ambao dakika moja nyuma walikuwa wakicheka, wakainamia watoto wao ili asijione anatazamwa.

“Mwezi mzima,” alisema hatimaye, bado amewapa mgongo, “nimekuwa nikiyapima upya mahesabu yangu. Nikidhani nimekosea mahali.”

Chanfi angependelea kutukanwa.

Djaffar aliwapokea Chanfi na Hassanati barazani kwake mchana ule. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwepesi wa kukumbatia.

“Chanfi! Umevuka bahari kuja kunipunguza cheo?”

Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia chochote bado. Mzaha ule ukabaki hewani. Akaona umebaki, na uso wake ukabadilika. Akaketi.

“Niliona siku ile ile ilipofika,” alisema. “Nikajiambia, kesho nitawaandikia. Kesho yake nikampelekea baba mkwe nakala moja. Akalisoma jina langu kwa sauti mbele ya watu. Basi nikanyamaza.” Alimtazama Hassanati. “Mimi niliandika ukurasa mmoja na nusu, dada. Wewe uliiandika iliyobaki kwa miguu yako.”

“Ukurasa wako ulikuwa mzuri, Bwana Djaffar,” Hassanati alisema. “Ule wa maji. Bila huo watu wasingeelewa.”

Jambo hilo la upole lilimuumiza Djaffar kuliko lawama. Alisaini, na kwa hiari yake akaongeza mstari: kwamba kazi ya nyumba kwa nyumba, yote, ilikuwa ya Hassanati peke yake. Hassanati akatia mkono ndani ya mkoba wake, akatoa faili la maombi ya Dakar likiwa limefungwa kwa utepe, akalishika kifuani kidogo kabla ya kumkabidhi Chanfi.

“Ukipata mhuri, tia nakala humo ndani na ulipeleke posta ya Moroni. Ukinirudishia huku halitawahi.”

“Unaniamini nalo?”

“Umekuja,” alisema.

Mhuri ulipigwa siku ya tatu baada ya kurudi. Afisa aliutazama mstari wa Djaffar, akaguna, akagonga. Chanfi alichapa kikaratasi cha masahihisho, nakala mia na hamsini, na Ramlati akakoroga gundi ya unga wa muhogo. Nakala ya kwanza waliyoibandika iliingia katika faili la Hassanati na kwenda posta siku hiyo hiyo. Zilizobaki ofisini walizimaliza kwa siku mbili. Zilizokwisha kwenda kwa wasomaji wa ng'ambo zilifuatwa na kikaratasi kwa posta. Za Moroni, Chanfi alizifuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na kopo la gundi mkononi. Wengine walimcheka. Mzee mmoja wa uwanjani alimuuliza kama hana haya kumshusha mtu wa ndoa kubwa mchana kweupe.

“Ninayo, mzee,” Chanfi alijibu, akiupiga brashi ukurasa. “Ndiyo iliyonileta.”

Mwandishi mkuu wa makala hii ni Hassanati, kilisema kikaratasi. Mpangilio wa majina uliotangulia ni kosa la katibu wa jarida, ambaye anawaomba radhi waandishi na wasomaji.

Miezi ilipita. Fundi Mouzaoir hakuuliza tena watu watasema nini. Toleo la nane lilipokaribia, yeye ndiye aliyeuliza kama waandishi wamepelekewa nakala za kukagua. Chanfi aliendelea kukaa kwenye jiwe lake lenye ncha.

Asubuhi moja ya Oktoba mlango wa ofisi uligongwa. Hassanati alikuwa na sanduku moja dogo na viatu vipya vilivyombana. Ndege ya kwanza ya safari yake ya Dakar ilikuwa inaondoka alasiri.

“Nataka kuuona huo wembe,” alisema.

Chanfi akafungua kasha la miwani. Hassanati aliuinua kwa ncha za vidole, akaupeleka kwenye mwanga.

“Una kutu, mjomba.”

Alimwita mjomba kana kwamba amekuwa akimwita hivyo tangu utotoni. Akatia mkono mkobani, akatoa pakiti ya nyembe mpya aliyoinunua Volo Volo njiani, akaiweka mezani. Kisha akakumbuka teksi iliyokuwa ikimsubiri, akatoka akichechemea kwa vile viatu, na mlangoni akageuka kumwagiza amsalimie mke wake.

Juu ya meza kulikuwa na makala mpya kuhusu visima, yenye waandishi watatu. Chanfi alifungua pakiti. Kabla ya kukata, alichukua penseli na juu ya kila jina akaandika namba kama wenyewe walivyojipanga: moja, mbili, tatu. Akalaza wembe mpya kwenye karatasi, na ukapita bila kukwama.