Kofia ya Msoma Geji

Watu wa mtaa wetu wakimtaja mdogo wangu siku hizi wanasema "yule mgonjwa wa mtungi". Nimesikia dukani, nimesikia kwenye ngazi, na juzi nimesikia kwa mwanamke ambaye geti lake la chuma lilitengenezwa na mdogo wangu huyo huyo. Mtu aliyechomelea vyuma miaka arobaini na moja! Mtungi wa oksijeni aliuvuta miezi kumi na minne tu. Sasa iweje miezi imeze miaka? Ndiyo maana nimekaa mezani kuandika. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikashika nafasi ya tatu, na mwandiko wangu hauna aibu. Mwalimu wangu angekuwa hai angeuliza tu mbona nimechelewa kuanza.

Mama yetu alifariki mimi nina miaka kumi na mitano, yeye sita. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inanigonga magotini, watu wakinicheka kwamba nimebeba mume. Alipokua akaingia karakana ya boila, yale matangi makubwa ya mvuke, akapewa jina la Cheche, na jina likamganda. Hata mimi dada yake nilimwita Cheche, isipokuwa nikikasirika. Alichomelea ndani ya matumbo ya boila, mahali pasipoingia upepo, na moshi ule ukaenda ulikokwenda. Daktari alituonyesha picha ya kifua chake akasema mapafu yamekuwa magumu, hayatanuki, na hayatarudi. Cheche akamwuliza, "Huwezi kukata kipande ukabandika kingine?" Daktari akadhani anatania. Hakuwa anatania. Kazini kwake kila kilichoharibika kilikatwa kikabandikwa kingine.

Kabla ya mtungi alikuwa amejiunga na chama. Wenyewe wanakiita chama cha stimpanki. Nilipolisikia hilo neno mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya mende. Ni watu wazima wenye kazi zao, wanaovaa kana kwamba dunia nzima bado inaendeshwa kwa mvuke: makoti marefu, miwani ya mafundi, gia zimeshonwa kwenye kofia. Mkutubi mmoja alimletea Cheche kofia yake amrudishie gia iliyong'oka. Cheche akaigeuzageuza.

"Mama, hii gia haizungushi kitu."

"Ndiyo, fundi. Ni pambo."

"Gia ya pambo!" Alicheka wiki nzima. Wiki iliyofuata akaanza kutengeneza kofia ya kwake, na gia yake ilizunguka.

Kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, kabla baridi haijawafungia watu ndani, chama kinafanya mikusanyiko mitatu kwenye jengo la maktaba: chai, kisha mashindano ya mavazi, kisha dansi. Na wana sheria moja wanayoishika kama kiapo. Ukishavaa kofia yako, wewe si wewe. Tarishi ni ofisa wa mpaka, karani ni malkia, na hakuna anayeruhusiwa kukusemesha mambo ya nyumbani. Ukitaka kusema la kweli unavua kofia. Na ni marufuku kumvua mwenzako. Kila mtu anajivua mwenyewe.

Mtungi ulipokuja, Cheche alijifungia. Alikuwa mtu wa kupigiana kelele na kila mpita njia, sasa akitoka na ile mirija puani watu wanashusha sauti. Wanampisha kiti. Wananiuliza mimi: "Anaendeleaje?" na yeye amesimama pale pale! Miezi mitano hakuvuka kizingiti ila kwenda hospitali.

Kisha asubuhi moja nikasikia nyundo. Alikuwa amekaa sakafuni, amekata sinia langu kubwa la shaba, anakunja vipande kwa mkono na kuvifunga kwa ribiti, vile vipini vya kugongwa kichwa, pigo moja, pumziko refu, pigo jingine. Ilimchukua miezi mitatu. Alitengeneza gamba la shaba la kuvaa mtungi mgongoni, mabomba ya kuficha mirija, na kinyago cha pua. Geji ya mtungi, kile kipimo cha hewa iliyobaki, aliiachia kidirisha nyuma, karibu na kiuno.

"Kule hakuna atakayeniuliza naumwa nini, dada," alisema. "Wataniuliza nimetoka sayari gani."

"Na hiyo geji nani ataisoma, kama iko mgongoni?"

Akatoa kofia. Kofia ya kike, ndefu, ya kijani, yenye saa ndogo pembeni. "Msoma Geji," akasema.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikupenda kulisema. Nilikuwa mpishi wa shule miaka thelathini na moja. Nikiwa na miaka thelathini na mitatu, mfuniko wa sufuria kubwa uliniteleza na mvuke ukanipanda kichwani. Upande wa kushoto hauna unywele hata mmoja, na ngozi imekunjamana kama karatasi iliyokaribia moto. Tangu siku hiyo sikuwa nimetoka bila kitambaa. Marehemu mume wangu alikiona kichwa changu mara mbili. Cheche alijua, na ndani ya ile kofia alikuwa ameshona bitana laini ya pamba, imeingia mpaka masikioni, ili nisihitaji kitambaa chini yake. Nilipoivaa niliacha kitambaa kwenye kiti. Mimi, kwa umri huu, nikacheka mbele ya kioo.

"Lakini uniahidi," akasema. "Wasijue ni mtungi wa kweli. Hata mmoja."

Nikaahidi.

Siku ya chai ilikuwa nzuri mno, na sitaki kuieleza sana maana inaniumiza. Walimwita Nahodha. Walimzunguka, wakamgonga gamba, wakamtukana kwa wivu. Mtu mzima aliyevaa mabawa ya bati alimwambia, "Nahodha, wewe ni mwizi, umeiba pua ya treni!" Naye akamjibu, "Na wewe umeiba paa la choo!" Sikuwa nimemsikia akitukana kwa raha hivyo tangu alipougua.

Wiki mbili baadaye, mashindano. Saa tisa alasiri, ukumbi wa juu. Mtungi wa akiba tuliuacha chini, chumba cha kuwekea makoti, umefunikwa shuka. Kwenye ngazi Cheche alichoka akafungua vali ya kutolea hewa zaidi ya kiasi; niliona, nikakunja uso, akanikonyeza. Nilipiga hesabu nikaona hewa itatutosha, mradi mambo yaende kwa wakati. Hayakwenda. Mwenyekiti, dada anayekaa mapokezi kwa daktari wa meno lakini siku hizo ni Malkia wa Mvuke, alitoa hotuba, akaisahau katikati, akaianza upya. Cheche akaitwa jukwaani wa mwisho kabisa. Watu wakanisonga nyuma. Nilipopata kuona kidirisha cha kiuno, mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

"Nahodha!" Malkia akauliza. "Chombo chako kinakwenda kwa nguvu gani?"

"Kwa pumzi, mtukufu."

Wakacheka, wakapenda. Nikampungia mkono: shuka, shuka upesi. Alinitazama, na kutoka pale nilijua ameshahisi.

"Hewa..." akasema. "Hewa inaisha."

Makofi! Ukumbi mzima. Mmoja akapaza sauti, "Tupa mizigo, Nahodha!" Mwingine, "Anza na mke wako!" Midomo ya Cheche ilikuwa imegeuka rangi ya jivu, na mwanamke mbele yangu akamwambia mwenzake, "Ona rangi alivyoipaka, utadhani kweli."

Kisha mkono wake ukapanda mpaka kwenye kofia yake, kwenye kifungo cha mkanda wa kidevu. Ukakishika. Ukakaa pale. Halafu ukakiachia ukashuka. Ule mkono nauona mpaka leo.

Nilishuka ngazi kwa mbio za mwanamke wa miaka sabini na minne. Mlangoni kwa makoti alisimama tarishi wetu, yule anayetuletea barua mtaani, na vifungo vya shaba tumboni na funguo shingoni.

"Simama! Kibali cha kuvuka mpaka, bibi?"

"Baba, nipe ule mtungi wenye shuka. Mdogo wangu anakufa."

"Sote tunakufa, bibi, lakini kwa kibali."

"Sichezi!"

"Ndivyo wasemavyo majasusi wote." Alikuwa na furaha, maskini. Alikuwa amengoja mwaka mzima apate mtu wa kumzuia. Nikamkamata kola nikamtikisa. "Jasusi mwenye nguvu!" akapiga kelele. "Walinzi!" Waliokuwa kwenye korido wakacheka wakatupisha nafasi wapate kuona vizuri.

Niliwaza kitambaa changu kiko nyumbani kwenye kiti. Niliwaza ahadi. Yote yalipita haraka kuliko ninavyoandika. Nikaishika kofia kwa mikono miwili nikaivua.

Yule tarishi alitazama kichwa changu. Kelele zikakatika koo zikiwa wazi. Naye akavua kofia yake, taratibu, akasema kwa sauti ya mtu anayeleta barua, "Shikamoo, mama. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Alibeba mtungi ngazi mbili mbili. Juu, Cheche alikuwa amepiga magoti, na walikuwa wanampigia makofi yale magoti. Nilipita katikati yao kichwa wazi. Aliyeniona kwanza akaacha kupiga, kisha wa pembeni yake, mpaka nikawa nasikia viatu vyangu. Nilifunga vali, nikaung'oa ule mtungi mtupu, nikaunganisha wa akiba, nikafungua vali. Mshale ukapanda. Nyuma yangu nikasikia vitambaa, mikanda, vibati: watu thelathini na kitu wanavua kofia mmoja mmoja, kwa heshima, hawana la kufanya jingine.

Cheche akafumbua macho. Akawaona wote vichwa wazi. Akayafumba tena.

"Pole sana, mzee," mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini. "Usijisumbue kuinuka, mzee."

Dakika kumi kabla alikuwa Nahodha.

Nyumbani hakusema nami siku nane. Nilimpikia, alikula. Nilimsomea geji, alisimama tuli kama nguzo. Siku ya tisa akasema, akiwa ametazama ukuta:

"Umenivua nguo mbele za watu, dada."

"Sikukuvua wewe. Nilijivua mimi."

"Nilikuwa nimeshika kifungo. Nikakiachia. Uliona."

"Niliona."

"Basi ungeniacha."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimbeba mgongoni miaka mitatu, na mtu uliyembeba hivyo humwachi kwa sababu ya kofia. Badala yake nilikwenda jikoni nikaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Mpaka leo nasimama pale kwenye sinki nikijiuliza kama nilimwokoa yeye au nilijiokoa mimi nisibaki peke yangu. Sijui. Ningeivua tena, hilo najua.

Kadi ya dansi ilikuja. Ile ya mashindano waliiandika Nahodha. Safari hii waliandika jina lake lote la kwenye kitambulisho, na chini yake: tutakuwekea kiti karibu na mlango. Aliisoma mara moja akaiweka chini ya kikombe.

"Kiti karibu na mlango," akasema. Basi. Mchana ule alilivua gamba ribiti moja baada ya nyingine, akanipangia mezani vipande vya sinia langu. "Chukua shaba yako."

Hakuinuka sana baada ya hapo. Kifua kilimkaza, hata mtungi ukiwa umejaa hakikupata pa kuiweka hewa. Siku ya dansi tarishi alikuja na barua za mtaa, yuko kazini, kofia ya kazi kichwani. Nilimfungulia. Hakuivua. Nikajiandaa kumfundisha adabu, kuingia kwa mgonjwa na kofia, lakini alinipita akasimama mguuni pa kitanda, akakaza mwili.

"Nahodha," akasema, "naomba kibali chako cha kuvuka mpaka."

Cheche alimkazia macho. Nilidhani atamfukuza.

"Kibali," akasema, pumzi, pumzi, "kimekwisha muda."

"Basi pita hivyo hivyo," tarishi akasema. "Leo zamu ni yangu, hakuna atakayeuliza."

Cheche akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikambana mpaka nikakimbilia vali, na akikohoa bado alikuwa anacheka. Usiku ule hakulala, wala mimi. Siku nne baadaye alikata roho asubuhi, nimemshika mkono ule ule. Hakuniambia kama amenisamehe. Mimi sikumwomba.

Mazikoni chama kilikuja chote: makoti marefu, miwani, gia za pambo. Walisimama upande wao wa kaburi na hakuna aliyevua kofia, hata udongo ulipoanza kumwagwa. Majirani walikasirika. Yule mwanamke wa geti akaninong'oneza sikioni, "Watu gani hawa, hata kofia hawavui? Na wewe, mtu mzima, umevaa hiyo ya nini?"

Nilikuwa nimevaa ya kijani, yenye saa pembeni, na chini yake hapakuwa na kitambaa.

Nikamwambia anyamaze, Nahodha anapita.